Nani Atarudi Kuwaangalia?

Wapenzi wa Star Trek, zile tamthilia za Marekani za safari za anga, wakikutana, mabishano huwa ni ya manahodha. Huyu anamtaka Kirk kwa ujasiri wake, yule Picard kwa busara, mwingine haambiwi kitu kuhusu Janeway. Hapa Nzuguni, Dodoma, tupo wachache, lakini tupo, na benchi la nje ya ofisi yangu ya ufundi wa televisheni, jirani na kituo kikuu cha mabasi, limeshabeba mabishano hayo tangu mchana hadi taa za barabarani zinawaka. Mimi manahodha siwabishanii sana. Kipimo changu nilipewa na Bibi, mama yake mama yangu, Mgogo aliyezaliwa na kukulia Nzuguni wakati ikiwa mashamba matupu, mwanamke ambaye Kiingereza hakukijua hata neno moja. Kwa kipimo chake tamthilia hizi zinapangika tofauti kabisa na wanavyozipanga wengi. Na kadiri ninavyozirudia, ndivyo ninavyoona kwamba jambo alilolisema sebuleni kwa mjomba wangu iliwachukua waandishi wa Marekani zaidi ya nusu karne kulipa uzito wake.

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Zanzibar walishaizoea tangu miaka ya sabini, lakini sisi wa Dodoma kwa muda mrefu televisheni ilikuwa ni deki na kanda, kwa aliyenazo. Mjomba alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeshughulika na zabibu kule Makutupora. Alikwenda Uingereza kusoma, akarudi na televisheni, deki na katoni la kanda za Star Trek: The Next Generation, kila kanda ikiwa na sehemu mbili. Ilikuwa bahati yetu kwamba alinunua Uingereza. Waingereza na sisi tulikuwa tukitumia mfumo mmoja wa PAL. Kanda za Marekani ni za NTSC, na ukiitia moja kwenye deki ya huku picha inapanda na kushuka, rangi huioni. Ufundi wangu ulianzia kwenye deki ile, nikisafisha hedi kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, Mjomba akiwa amenisimamia kichwani asije akapoteza hazina yake.

Bibi aliletwa mjini kutibiwa mguu, akakaa nasi kipindi kirefu. Jioni hakuwa na mahali pa kwenda, basi alikaa nasi mbele ya televisheni, na mimi nikapewa kazi ya kumtafsiria. Miaka ile vibanda vya video vilikuwa vikipata watu wa kutafsiri filamu, na baadaye jina la Lufufu likafahamika nchi nzima. Ila hao walishika filamu za ngumi na bunduki, ambazo hata ukikosa maneno unajua nani kampiga nani. Star Trek ni watu wanazungumza. Usipojua wanasema nini, utaona tu watu waliovaa sare wamesimama wanatazama kioo. Nilitafsiri kwa Kigogo, neno likinishinda nikatia Kiswahili, na Bibi alinikatiza kila dakika kuuliza huyu ni mtoto wa nani.

Sehemu iliyomshika inaitwa "The Inner Light", ya Juni 1992. Nahodha Picard anapigwa na mwali kutoka kwenye chombo kisichojulikana, anaanguka, na anapozinduka yumo kwenye nyumba ya kijijini, ana mke, na watu wanamwita Kamin. Ndani ya meli yake zinapita kama dakika ishirini na tano. Kwake yeye unapita umri mzima. Anajifunza kupiga filimbi, anapata watoto, anamzika rafiki, anamzika mke, anabeba mjukuu. Na kwa miaka yote hiyo mvua inazidi kukauka. Katikati ya kijiji wamepanda mche mmoja, na hata maji yanapokuwa ya kupimiana wanautengea sehemu yake. Kamin anaandika mwenendo wa hali ya hewa, anamwendea mkuu wa serikali na shauri la kujenga mitambo ya kunasa maji yaliyomo hewani, naye haungwi mkono. Binti yake anaupima udongo na kukuta umekufa, hauna tena uhai wa kuotesha kitu.

Nilipofika hapo pa mkuu wa serikali, kabla sijamaliza kutafsiri, Bibi akasema: "Huyo alikuwa anajua. Alijua siku nyingi." Nikashangaa, maana ndivyo ilivyo. Baadaye kwenye hadithi inadhihirika kwamba wakubwa walijua jua lao linaelekea kulipuka na wakakaa kimya wasiwatie watu hofu.

Hakuwa na haja ya kuwahi kuiona sehemu ile ili alijue hilo. Mama yake Bibi aliipita njaa ya Mtunya akiwa msichana. Nje ya Ugogo watu wengi hawaijui Mtunya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita huku, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua ikakataa, na kati ya 1917 na 1920 watu wakafa kwa maelfu mengi. Waliochukua ng'ombe walikuwa wanajua ng'ombe ni nini kwa Mgogo. Bibi alilelewa na masimulizi hayo, na alipouona ule mche umetengewa maji alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema kwao kulikuwa na watu walioificha mbegu ya uwele na kulala na njaa juu yake.

Mwisho wa hadithi ni kwamba wale watu walitengeneza chombo kimoja wakakirusha angani, kimtafute mtu awakumbuke. Kilimfikia Picard miaka elfu moja baada ya jua lao kulipuka. Anabaki na filimbi, na anajua kuipiga. Wapo watu wengi Ulaya ambao Ugogo waliufahamu kwa njia hiyohiyo, kupitia ilimba na zeze za marehemu Hukwe Zawose, bila kujua kijiji kimoja cha huku kwa jina. Mjomba alifuta machozi kila alipoitazama sehemu ile. Bibi hakulia. Alisema, "Wamechelewa."

Kuanzia siku hiyo alikuwa na swali, na aliliuliza karibu kila jioni. Wanaozijua tamthilia hizi wanaujua mwisho wake wa kawaida: tatizo limetatuliwa, nahodha anatoa amri, meli inakata anga kuelekea sayari nyingine. Bibi alikuwa anatazama ile sayari inayobaki nyuma. "Haya, wameondoka," alikuwa anasema. "Sasa hawa nani atarudi kuwaangalia?"

Nikamweleza Kanuni Kuu ya Shirikisho, ule muungano wa sayari unaotumikiwa na meli hizi, kanuni inayowakataza wanaanga kuingilia maisha ya watu ambao hawajafikia kiwango chao. Niliieleza kwa fahari, maana kwa kijana aliyesoma historia ya ukoloni ile ni kanuni tukufu: mwenye nguvu amejifunga mikono asimwonee asiye na nguvu. Bibi akauliza wale wasioguswa wakifa kwa kiu kanuni inasemaje. Jibu nililipata mwenyewe baadaye, kwenye sehemu iitwayo "Homeward", ya Januari 1994. Sayari inapoteza hewa yake, watu wake ni wa vijijini, hawajui lolote la anga. Picard, huyuhuyu aliyeishi umri mzima kwenye kijiji cha ukame na kuuzika mwili wa mkewe humo, anasimama na maofisa wake mbele ya kioo wakitazama sayari ile inavyokufa. Wachache wanaookolewa wanaokolewa na mtu aliyevunja amri yake. Naipenda The Next Generation kuliko ninavyoweza kueleza, ndiyo iliyonifungulia mlango, lakini sehemu zile mbili nikiziweka pamoja naona tamthilia iliyojua kuhuzunika vizuri kuliko ilivyojua kurudi.

Tamthilia ya kwanza, ile ya 1966 hadi 1969, niliiona baada ya ile ya pili, kwenye diski za kuchoma zilizobeba msimu mzima hadi nyuso zikawa kama zimefunikwa na chandarua. Nguvu yake ni ya ajabu kwa umri wake. Ila kwa swali la Bibi ndiyo yenye deni kubwa kuliko zote. Chukua Februari 1967 peke yake. Tarehe 9 inarushwa "The Return of the Archons": Kirk anakuta watu wanaotawaliwa na kompyuta iitwayo Landru, anaiharibu kompyuta, anaacha wataalamu wachache, anaondoka. Tarehe 16 inafuata "Space Seed": Kirk anamshusha Khan na watu wake kwenye sayari tupu waanze maisha, anaondoka. Mwaka 1982 ndipo filamu ya The Wrath of Khan ikaonyesha matokeo. Sayari jirani ililipuka, ile ya Khan ikageuka jangwa, watu wakafa, mkewe akiwamo, na hakuna aliyepita kuwajulia hali. Filamu inamfanya Khan mwovu, na mwovu ni kweli. Lakini lalamiko lake moja ni lile la Bibi, na hakuna ndani ya filamu anayelijibu.

Voyager, iliyoanza Januari 1995, huwa inadharauliwa na wabishi wengi. Mimi naitetea kwa sababu ya mwanzo wake, ambao Mtanzania wa kanda ya kati akiutazama lazima akae vizuri. Meli inatupwa umbali wa miaka ya mwanga elfu sabini kutoka nyumbani. Inakuta watu waitwao Waokampa wanaishi chini ya ardhi, kwa sababu kiumbe mmoja mwenye uwezo mkubwa, miaka mingi nyuma, aliiharibu hewa ya sayari yao bila kukusudia, na mvua haikunyesha tena. Kiumbe huyo kwa majuto amebaki akiwalisha na kuwapelekea maji. Juu ya ardhi wapo watu wenye silaha wanaoyapigania maji hayohayo. Kuna wakati mfanyabiashara Neelix anaingizwa melini, anapewa bafu, na furaha yake ya kujilaza majini, anayeishi mjini penye bomba anaweza kuiona ni vichekesho. Aliyewahi kusubiri foleni ya ndoo hawezi kuiona hivyo. Nahodha Janeway anayo njia ya kurudi nyumbani siku hiyohiyo, ule mtambo wa yule kiumbe. Akiutumia na kuuacha, wenye silaha watauteka na kuwaangamiza Waokampa. Anauharibu. Anajifungia nje ya kwao, safari ya miaka sabini na mitano, kwa ajili ya watu ambao hatawaona tena. Katika tamthilia zote hizi hakuna nahodha aliyelipia swali la Bibi bei kubwa namna ile. Baada ya hapo inakuwa tamthilia ya njiani, wiki hii hapa, wiki ijayo kule, na misimu yake saba inapanda na kushuka. Mwanzo wake unabaki.

Sasa Deep Space Nine. Hapa nitakaa kidogo.

Tamthilia hii iliyoanza Januari 1993 haina meli ya kusafiri, au tuseme meli ilikuja baadaye na haikuwa moyo wake. Ina kituo. Kituo kibovu kilichoachwa na wakoloni, kikining'inia karibu na sayari ya Bajor iliyotoka kutawaliwa kwa mabavu kwa miaka hamsini. Halafu jirani yake linagunduliwa tundu la kuvukia upande mwingine wa anga, na ghafla dunia nzima inapita pale. Wafanyabiashara, wakimbizi, wapelelezi, mapadri, wacheza kamari. Wapitaji wanakuja na kuondoka. Wenyeji, Kira na Odo, na Sisko, mkuu wa kituo aliyekuja kwa kazi na mtoto wake, wanabaki na kila kilichotokea jana. Daktari wa kituo, Bashir, ameigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudani, na jambo hilo lilinipa raha ya pekee nilipolijua.

Mtu wa Nzuguni haelezwi hali hiyo mara mbili. Nilipokuwa mdogo hapa palikuwa na vumbi, mibuyu, mashamba ya uwele na mtama, na shamrashamra za Nanenane kila Agosti. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, lakini kwa miaka arobaini ulikuwa ni maneno yanayosikika kwa mbali. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuhama kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 kwenye halmashauri ya Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kituo kikuu cha mabasi kikajengwa huku, soko la Job Ndugai likawa jirani yake, na barabara ya Dar es Salaam inayotupitia ikawa haina usiku. Anayeingia makao makuu kwa basi kwanza anatuona sisi.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na upimaji. Shamba la Bibi lilikuwa la uwele, na mbuyu mmoja mpakani. Wapimaji walikuja kiangazi, wakapanda bikoni zao, na mthamini akaandika alichokiona: mbuyu, msingi wa nyumba ya zamani, minyaa ya uzio. Uwele haukuandikwa, kwa sababu hakuna Mgogo mwenye uwele shambani mwezi wa Septemba. Huku mvua ni moja kwa mwaka, inaanza Desemba au mwisho wa Novemba, na shamba la kiangazi kwa mgeni linaonekana ni uwanja. Bibi alipata kiwanja kimoja na fidia iliyochukua muda. Alishahama mara moja, wakati wa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, kwenda kijijini na wenzake. Safari hii alimuuliza kijana mwenye vyombo vya kupimia kama atarudi kuona amejengaje. Kijana alikuwa na adabu. Alimwamkia vizuri, akamsikiliza, akaendelea na kazi yake, na sikumwona tena.

Ipo sehemu ya Deep Space Nine iitwayo "Progress", ya Mei 1993, ambayo wapenzi wengi huiruka kwa kuwa haina vita. Serikali ya Bajor inataka kuchota joto la ndani ya mwezi mmoja ili ipate nishati ya kupasha nyumba za watu wengi sana. Hewa ya mwezi ule itakuwa sumu, kwa hiyo wakazi wanahamishwa. Anayekataa hadi mwisho ni mzee Mullibok, aliyewatoroka wakoloni na kulima pale miaka arobaini. Anayetumwa kumtoa ni Meja Kira, mpigania uhuru wa zamani. Kira hana hoja ya kumshinda. Anavua koti la sare, anapika, anakaa naye mezani, anamsaidia kujenga tanuri lake la kuchomea vyungu, tofali juu ya tofali, akijua tanuri lile halitachoma kitu. Sisko anakuja kumkumbusha kwamba siku hizi yeye yuko upande wa serikali. Mwisho Kira analivunja tanuri kwa silaha, anaichoma nyumba, na kuondoka na mzee anayesema kwamba akitoka pale atakufa.

Niliitazama ofisini, duka limefungwa, na nikairudia palepale. Waandishi hawakumpa Kira kisingizio. Nishati inahitajika kweli. Watu watapata joto kweli. Mzee anavunjiwa kweli. Na Kira haondoki na meli. Kesho yake ataamka kwenye kituo kilekile, Bajor iko palepale, na miezi yake inazunguka. Tamthilia nyingine ingetupeleka kwenye nyota mpya. Hii inamwacha akae na alichokifanya, kwa misimu saba, na Kira wa mwisho si yule wa mwanzo. Yule kijana mwenye adabu sina kinyongo naye. Ningependa tu angebaki Nzuguni.

Kuna na sehemu iitwayo "Far Beyond the Stars", ya Februari 1998, iliyoongozwa na Avery Brooks mwenyewe, ndiye Sisko. Anajiona ni mwandishi mweusi wa New York ya miaka ya hamsini, anaandika hadithi ya nahodha mweusi wa kituo cha anga, na mwenye gazeti anaamuru toleo zima liharibiwe kuliko kuichapa. Sitaisimulia zaidi. Anayejali kwa nini watu wasio na meli huota meli, aitafute.

Enterprise ya 2001 hadi 2005 ina mambo mazuri, hasa Hoshi Sato, mtaalamu wa lugha anayeogopa na bado anakwenda. Lakini kuna sehemu moja siwezi kuisamehe. Katika "Dear Doctor", ya Januari 2002, watu wa sayari moja wanakufa kwa ugonjwa. Daktari wa meli anapata dawa. Yeye na nahodha wanaamua kutoitoa, kwa hoja kwamba maumbile yana njia yake na kuna jamii nyingine pale ambayo huenda ndiyo zamu yake. Wanawaachia ya kutuliza maumivu tu, wanaondoka. Mwaka 2002 huku kwetu tulikuwa tunazika. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwapo duniani, nasi tulijua zipo. Kutolewa bure kwenye hospitali za umma Tanzania kulianza 2004. Sijui mwandishi alikaa wapi alipoona kwamba kuinyima dawa ile ni busara ya huzuni. Kwa benchi la nje ya ofisi yangu lile lilikuwa jambo lililotokea, na tuliwajua kwa majina walioachwa.

Tamthilia mpya nimezitazama na mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Discovery aliipenda kuliko mimi. Nakubali jambo moja: msimu wake wa tatu unaturuka mbele karne nyingi na kukuta Shirikisho limesambaratika, sayari zimekatiana mawasiliano, na meli sasa inazunguka kuwatafuta waliosahauliwa. Wazo zuri, lakini walilipitia haraka, kila mtu ana machozi na hakuna anayeshinda mahali siku tatu.

Jibu kamili la Bibi lilitoka mahali ambapo sikupategemea, kwenye katuni. Lower Decks, iliyoanza Agosti 2020 na kumalizika Desemba 2024, ni ya kuchekesha, na niliikwepa kwa sababu hiyo mpaka mpwa wangu aliponilazimisha. Meli yake, Cerritos, si ya kugundua sayari. Kazi yake ni kufika mara ya pili: wakishapita wenye sifa, hawa ndio wanaokuja kusaini makaratasi, kufunga mitambo, kurekebisha majina yaliyoandikwa vibaya. Na sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza inafunguka kwenye sayari ya Landru, ileile ya Februari 1967. Watu wamerudi kuiabudu kompyuta, na nahodha wa Cerritos analalamika kwamba Shirikisho linawaachia watu maagizo halafu halifuatilii. Nilisimamisha picha nikamweleza mpwa wangu habari za Bibi, ambaye hakuwahi kumwona. Miaka hamsini na mitatu ilikuwa imepita tangu Kirk aondoke pale.

Imebaki Strange New Worlds, na hapa mimi na mpwa wangu hatujapatana. Inarudi miaka ya kabla ya Kirk, na inamrudisha Uhura akiwa kijana. Uhura tunamdai kama wetu, na tuna haki. Sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, Kiswahili kinasikika ndani yake: kiumbe aliyejigeuza mwanamume anamsemesha Uhura kwa lugha hiyo. Septemba 1967, mwaka uleule Bunge letu lilipotunga sheria ya kuanzisha BAKITA, chombo kimoja kinamfuta Uhura kumbukumbu zake zote, na anapofundishwa upya Kiingereza, kinachomtoka bila kufundishwa ni Kiswahili. Nichelle Nichols alikisema kwa lafudhi ya mgeni, na sijali. Alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na kwa simulizi lake mwenyewe ni Martin Luther King aliyemsihi abaki. Miaka ya sabini alizunguka Marekani akiisaidia NASA kuwapata wanaanga wanawake na weusi. Lakini katika miaka mitatu ile ya sitini, kwao Uhura hatukupaona. Alikuwa na lugha bila nyumba.

Celia Rose Gooding, Uhura wa sasa, amepewa nyumba. Katika "Children of the Comet", ya Mei 2022, anasimulia mezani kwa nahodha Pike kwamba ametoka Kenya, na kwamba wazazi na kaka yake walikufa kwenye ajali. Kisha inakuja kazi: nyota yenye mkia inaelekea kuigonga sayari kame yenye watu wasiojua lolote. Uhura anagundua kwamba inaitikia muziki, anaiimbia. Mwishowe inapita bila kugonga, barafu yake inadondokea kwenye hewa ya sayari ile, na nchi kavu inapata maji. Msimu huo ulimalizika Julai 7, 2022, siku ambayo dunia iliadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza. Nichelle Nichols alifariki Julai 30, mwezi huohuo.

Mpwa wangu anasema hapo mjadala umefungwa. Binti wa Afrika Mashariki ameimba, mvua imenyesha kwenye ukame, ninataka nini tena? Nakiri niliitazama nikiwa nimesimama. Lakini nilimwambia kwamba mtu wa Dodoma hahesabu mvua ya siku ya kwanza. Ya kwanza unapanda. Ukipanda na zikapita wiki tatu kavu, mbegu imekwenda, na hapo ndipo unapojulikana mwaka ulivyo. Meli ya Pike iliondoka mvua ikiwa ndiyo kwanza inaanguka.

"Anko," akasema, "tamthilia ina dakika hamsini. Ulitaka wakae mpaka mavuno?"

Nilimwambia Deep Space Nine walikaa. Ndiyo maana naiweka ya kwanza, Voyager kwa ajili ya mwanzo wake nafuatisha, Lower Decks ya tatu, na The Next Generation ya nne, ingawa kwa mapenzi ingekuwa juu ya zote. Strange New Worlds nimeiacha wazi, nikitaka kuona kama kuna mwandishi atakayeipeleka ile meli tena kwenye sayari ya jangwa, msimu wa kiangazi. Yeye anaiweka ya kwanza. Kijana mmoja wa bodaboda anayeegesha hapa nje, ambaye hajawahi kuona hata moja, ametuomba tumchagulie. Nimemwekea "Progress" kwenye flashi, mpwa wangu akamwekea "Children of the Comet". Jumapili atakuwa na muda wa kuzitazama zote mbili.